Pedali Isiyofanya Kazi

Muuza maziwa ndiye aliyeliona kwanza. Alikuwa akiteremka kutoka vilima vya Mua na mitungi yake, ukungu bado umelala barabarani, alipoona tairi likizunguka polepole hewani. Chini yake palikuwa na gari jekundu lililolala ubavu, limeegemea mkaratusi, na ndani ya gari msichana alikuwa akiita kwa sauti ndogo, "Mguu wangu, jamani. Mguu wangu."

Ilikuwa Alhamisi, saa moja asubuhi. Kufikia saa tatu Nzisa, bintiye Mzee Mutunga, alikuwa hospitalini mjini Machakos, mguu wake wa kushoto umevunjika mara mbili. Kufikia saa sita fundi Ndolo alikuwa korokoroni, na gereji yake imetiwa kufuli ya polisi.

Kesi ilionekana fupi. Gari lilikuwa Datsun 240Z la mwaka wa 1971, ambalo Mutunga alikuwa amekimbia nalo mashindano tangu ndevu zake zilipokuwa nyeusi. Jumatano mchana Ndolo alilifunga kibao cha chuma upande wa kushoto wa klachi, mahali pa dereva kupumzishia mguu wa kushoto usipokuwa na kazi. Wateja wake walikiita pedali isiyofanya kazi, kwa kuwa ukikikanyaga hakisukumi chochote. Asubuhi ya Alhamisi kibao hicho kilikutwa kimebanwa chini ya breki. Nati nne na bolti tatu zilikuwa zimetapakaa sakafuni mwa gari.

Mkuu wa upelelezi hakuona la kutafuta. Nzisa alikuwa akiteremka kwenye kona ya mkono wa kushoto. Aliinua mguu kukanyaga klachi, kibao kikateleza kwenda kulia, kikaingia chini ya breki, na breki ikakataa kushuka. Fundi hakukaza nati. Angefikishwa kortini kesho yake asubuhi. Mkuu alimtaka Sajini Wavinya aandike maelezo na kufunga faili.

Wavinya hakuwa mtu wa kubishana na mkubwa wake. Alikuwa mtu wa kuomba saa chache, na kwa kawaida saa chache zilimtosha.

Alianza na gari lenyewe, ambalo sasa lilikuwa limesimamishwa kwa magurudumu yake katika uwanja wa kituo. Aliketi kwenye kiti cha dereva, akaweka kibao juu ya matundu yake manne, akakanyaga. Mguu wake ulitulia kama uliopimiwa. Wavinya alikuwa mwanamke mfupi, na hilo alilitia akilini. Kisha akahamia kiti cha kushoto, kiti cha msoma-barabara, yule anayemwambia dereva kona inayokuja ni kali au ni pole. Huko chini kulikuwa na ubao wa kukazia miguu, umevishwa mpira mweusi mpya. Alinyoosha miguu hadi kiuno kikatoka kitini, na bado ncha za viatu hazikuufikia. Alijicheka, akatoka.

Mwishowe alizishika zile bolti tatu. Vichwa vyake vilikuwa vimepanguswa, lakini shingoni zilibaki na mistari ya lami iliyonata bado.

Ndolo alikuwa ameketi kwenye sakafu ya seli, mikono imekumbatia magoti. Alikuwa fundi wa makamo, na aliongea kama mtu aliyeulizwa swali moja tangu asubuhi.

"Afande, nilikaza. Nilikaza mpaka spana ikalia."

"Hilo nimesikia. Mimi nauliza, bolti uliziingiza kutoka juu ama kutoka chini?"

Ndolo aliinua uso. Hakuna aliyekuwa amemuuliza hilo.

"Chini. Hapa kwetu ukiacha nati chini ya gari, mawe ya barabara yanaipiga mpaka meno yanaisha. Siku ya kufungua unakata na gesi. Kwa hivyo mimi kichwa cha bolti naweka chini, napaka lami, ndio maji na vumbi isiingie, halafu nati inakaa juu, ndani ya gari. Mafundi wengine wananicheka."

"Lami ulipaka na mkono?"

"Na kijiti. Lami ikikushika mkononi, haitoki bila mafuta ya taa."

"Sasa niambie. Nati zikilegea zenyewe, bolti inaenda wapi?"

"Inaweza kushikiliwa na lami, ibaki hapo imesimama, na hiyo kibao haiwezi kuteleza. Ama lami iachilie, ianguke barabarani. Itaenda wapi ingine?"

Wavinya akaunganisha mambo. Bolti tatu zilikutwa ndani ya gari, na hakuna bolti inayojipandisha yenyewe kupitia tundu. Kuna mtu aliyezitoa kwa chini, akazipangusa, akazitia ndani ili zionekane kazi mbovu ya fundi.

Alimuuliza kibao kilipimiwa nani. Ndolo akatazama sakafu. Mzee alimwapisha asiseme mpaka Jumamosi, alieleza, siku ambayo magari ya zamani yangekutana kupanda Mua.

"Mzee anaweza kungoja," Wavinya alisema. "Korti haitangoja."

Hapo Ndolo akasema. Mjini wote walidhani kibao ni cha Mutunga, kwa sababu ya nyonga yake mbovu. Sivyo. Aliyeketi kitini akiwa na viatu vyake vya kuendeshea, akawekewa alama ya chaki chini ya kisigino, alikuwa Nzisa. Jumamosi, mbele ya watu wote, baba angemkabidhi usukani. Na ubao wa upande wa kushoto? Huo, alisema Ndolo, aliubadilisha mpira na kuusogeza mbele. Mzee alimletea kipimo cha kamba, wala hakusema ni cha mguu wa nani.

Kabla ya kuondoka, Wavinya alitaka kujua gari lilitoka gerejini saa ngapi. Saa tisa unusu, Mutunga mwenyewe akiliendesha.

Nyumba ya Mutunga ilikuwa kwenye mteremko wa Mua, na kando yake banda la mabati ambalo ndani yake gari lililala maisha yake yote. Mzee alikuwa mtu wa kimo cha kawaida, aliyekuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu. Alimsalimu Wavinya kwa Kikamba, kama anavyosalimiwa mtoto wa nyumbani.

"Wakya, mwiitu."

"Aa," Wavinya alijibu, na wakaketi, kiti cha tatu hapo barazani, cha Nzisa, kikibaki kitupu.

Mzee alieleza mambo kwa utaratibu. Alifika na gari karibu saa kumi, akaliingiza bandani. Wageni walikuja wawili. Mmoja ni Abdiwahid, mfanyabiashara wa mifugo pale mjini, ambaye amelitamani gari hilo kwa miaka. Mwingine ni Mwalimu Ngui wa Masii, mwalimu mkuu mstaafu, aliyemsomea barabara katika kila mashindano. Manyunyu yaliwakuta barazani wakinywa chai. Nzisa alirudi kutoka kazini kwenye viwanda vya EPZ, Athi River, giza likiwa limeingia, wageni wameshaondoka, na alfajiri akachukua ufunguo ili akajizoeze kabla barabara haijapata magari.

"Kama ni Ndolo," mzee alisema, "nitamfunga. Nimemlea huyo katika kazi. Lakini nitamfunga."

Wavinya aliomba kuona banda. Lilikuwa limefagiwa, sakafu haina hata unyasi. Ukutani ziliangikwa ovaroli mbili kuukuu za mashindano, moja ya kawaida na nyingine ndefu ajabu, miguu yake karibu iguse chini. Aliziangalia, akatoka.

Wavinya alimkuta Abdiwahid sokoni kati ya mbuzi. Habari ilikuwa imemfikia sajini kwamba mwezi uliopita mtu huyu alitamka mbele ya watu kuwa gari la Mutunga lingekuja kwake likiwa zima au vipande. Wavinya alimrudishia maneno hayo. Abdiwahid akashika kichwa.

"Dada, huo ulikuwa utani, na Mutunga alicheka kuliko wote. Nivunje gari ninalotaka kununua? Halafu ninunue nini, kioo?"

"Wakati wa manyunyu ulikuwa wapi?"

"Barazani. Nilinywa chai, wakati wa swala ukaingia, Mama Nzisa akanipa mkeka nikaswali hapo hapo. Muulize."

"Na Mwalimu?"

Abdiwahid alifikiri kwanza, kama mtu asiyetaka kumtupia mwenzake jambo. Mwalimu alitoka kwenda kupiga simu, alisema. Alikaa huko muda mrefu. Aliporudi mikono ilikuwa mfukoni, na kikombe cha pili cha chai akakikataa, yeye ambaye hukataa vitu vingi lakini si chai.

Hilo halikutosha kumshika mtu. Watu hukataa chai. Wavinya akaelekea Masii.

Mwalimu Ngui aliinama kupita mlango wa nyumba yake mwenyewe. Alikuwa mrefu kiasi hicho, mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Sebule yake ilikuwa na taa ya stima na kila kitu kikiwa mahali pake. Alimpa Wavinya mkono, na Wavinya alipoketi akanusa kiganja chake mwenyewe kama anayepangusa jasho la mdomo. Mafuta ya taa.

Ngui alimsikitikia sana Nzisa. Alizungumza juu ya gari kama ndugu yake, mito waliyovuka, usiku waliolala chini yake. Aliinua kidole gumba cha mkono wa kulia. Kovu lilikikata katikati, mstari mmoja mnyoofu.

"Mlango wa gari hilo ndio ulifanya hii. Tulikuwa tunaongoza, nikafunga kidole changu mlangoni, na sikusimamisha kusoma barabara hata kona moja. Gari hilo liko na damu yangu, Sajini."

Kuhusu Jumatano hakuwa na mengi. Alikuwa langoni akipiga simu kwa sababu barazani mtandao ni duni. Bandani hakuingia. Pedali hiyo mpya hakuiona.

"Ndolo si mtu mbaya," aliongeza kwa upole. "Ni haraka tu. Mtu akifanya kazi kwa haraka, bolti zinabaki zimelegea."

"Nyumba yako ina stima, Mwalimu. Mafuta ya taa ni ya nini?"

"Ya stovu," alijibu papo hapo. "Stima hapa Masii, unaijua wewe."

Wavinya aliijua. Aliaga. Njiani kurudi alihesabu alichokuwa nacho, akaona kimepungua kitu kimoja. Bolti zilikuwa nne. Gari lilikuwa na tatu.

Jua lilikuwa bado juu aliporudi Mua. Safari hii hakumwendea mzee. Alizunguka nyuma ya nyumba, alikokuwa Nduku, mama yake Nzisa, akipepeta mbaazi kwa ungo. Mama huyo alikuwa ametoka hospitalini kumwona bintiye na hakuweza kukaa bure.

"Mwaitu," Wavinya alisema, kama anayemwita mama yake mwenyewe, akichuchumaa kando yake, "Jumatano jioni banda lilikuwa na nini zaidi ya gari?"

"Gari tu." Nduku alipepeta tena, makapi yakaruka. "Na nzuu zangu, mbaazi za mwaka huu. Nilikuwa nimezianika hapa uani. Manyunyu yalipoanza nikavuta turubai ndani. Nafasi haikuwepo, nikalisukuma chini ya gari. Mzee alilalamika eti nageuza gereji yake ghala."

"Ulizitoa lini?"

"Nzisa alipoondoka na gari alfajiri. Nilizizoa nikatia kwenye gunia, nikafagia. Halafu simu ikapigwa." Alielekeza kona kwa ungo. "Gunia ni lile pale. Hizi ninazopepeta ni za mwaka jana."

Walilimwaga gunia pamoja, juu ya turubai lile lile. Wavinya alivuta mikono yake katikati ya mbaazi kama anayekanda unga. Karibu na mwisho vidole vyake vilikutana na kitu baridi kilichonata. Akakitoa. Ilikuwa bolti, kichwa chake bado kina lami nene, mbaazi tano zimeganda juu yake. Alizibandua moja moja kwa ncha ya kalamu. Upande wa pili, ambako mbaazi hazikugusa, lami ilikuwa imehifadhi alama ya kidole gumba, na katikati ya alama hiyo ulipita mstari mmoja mnyoofu.

Nduku alitazama alama, kisha akamtazama Wavinya. Alikuwa amempikia chai mwenye kidole hicho kwa zaidi ya nusu ya maisha yake.

"Usimwambie mzee leo," Wavinya alimwomba. "Kesho asubuhi, kabla ya korti, nitawaita wote hapa."

Ijumaa saa moja na nusu walisimama bandani. Ndolo alikuwa na pingu. Mutunga aliegemea fimbo yake, Nduku kando yake. Abdiwahid alisimama mbali kidogo, na Mwalimu Ngui aliinama chini ya mabati, mikono nyuma, kama anayekagua darasa. Juu ya meza ya vyombo Wavinya alikuwa ameweka kibao, nati, bolti tatu, na mkebe wa lami laini kutoka gereji ya Ndolo.

Aliwaeleza bila haraka. Bolti za Ndolo hupanda kutoka chini. Zingelegea zenyewe, zingekuwa barabarani, si ndani ya gari. Kwa hivyo zilitolewa na mkono wa mtu. Zilitolewa wapi? Hapa, gari likiwa limesimama, kwa sababu moja ilimponyoka huyo mtu ikazama katika mbaazi, na mbaazi zilikuwa chini ya gari kuanzia manyunyu mpaka alfajiri. Wakati huo Ndolo alikuwa gerejini mjini na wateja wawili walikuwa naye hadi alipofunga, na usiku banda hili hufungwa kufuli. Nzisa hangefungua kitu ambacho asubuhi angekikanyaga mwenyewe. Wageni walikuwa wawili, na mmoja alikuwa barazani juu ya mkeka, mbele ya macho ya wenyeji.

"Sajini anatunga vizuri," Ngui alisema, na akatabasamu. "Ungekuwa mwanafunzi wangu ningekupa alama ya juu ya insha. Lakini mtu aliyekuja hapa kuvunja kitu, kwa nini aziache bolti ndani ya gari? Si angetia mfukoni, aende nazo?"

"Mtu mwingine angefanya hivyo," Wavinya alisema. "Lakini huyu ni mtu wa utaratibu. Kila kitu kwake kina mahali pake. Alifikiri gari lisilo na bolti litazua maswali, na gari lenye bolti litampa fundi lawama. Akazipangusa, akazipanga ndani. Ya nne ilimshinda kuipata. Tafadhali, Mwalimu, tia kidole gumba chako katika lami hii."

Alifungua kitambaa akaiweka bolti ya nne juu ya meza, alama ikiwa juu.

Mikono ya Ngui haikutoka mgongoni. Mutunga alisogea mezani akainamia bolti, akaitazama muda mrefu kwa macho yake mabovu. Alikuwa ndiye aliyekifunga kidole hicho kitambaa, siku ile, kando ya mto.

"Ngui," alisema. "Ni Nzisa. Ulimbeba kanisani siku ya kubatizwa."

Mwalimu alipojibu, sauti yake ya darasani ilikuwa imemtoka. Hakuja na nia hiyo, alisema. Alikwenda langoni kupiga simu kweli, manyunyu yakamkimbiza bandani. Akaona gari. Akaingia upande wa dereva, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, ili tu ajue pedali hiyo mpya inahisi vipi.

"Nilipokikanyaga kibao, goti langu liligonga usukani," alisema. "Hata wewe lingegonga. Nikajua si chako. Nikajua ni cha msichana, na kama yeye ndiye dereva, basi wewe unahamia kwenye kiti changu. Na mimi hukuniambia hata neno. Miaka yote hiyo nimekusomea kila kona ya nchi hii, Mutunga, na kipande cha chuma ndicho kilichoniambia kwamba nimetolewa."

Spana ilikuwa hapo mezani, aliendelea. Alifikiri kibao kingeteleza pale pale langoni, gari lizime, fundi alaumiwe, na Jumamosi ipite bila mtu yeyote kukabidhiwa kitu.

"Lango lenu linatazama mteremko," Wavinya alisema. "Wewe ndiye unayejua barabara hii kuliko wote hapa. Kona ya kushoto kabla ya mikaratusi, ungeisomaje?"

Ngui alifumba macho. "Kali," alisema. "Inakaza. Breki mapema."

Kisha Mutunga akauliza jambo ambalo hata Wavinya hakulitarajia kwa utulivu ule.

"Upande wako uliangalia?"

"Upande gani?"

"Wa kushoto. Kiti chako."

Ngui alitikisa kichwa. Mzee akageuka kwa fimbo yake, akaenda ukutani, akashika ile ovaroli ndefu kwa mguu wake wa suruali.

"Nilipima hii kwa kamba, nikampelekea Ndolo. Ubao umesogezwa mbele, umewekwa mpira mpya. Mimi siufikii. Nzisa haufikii."

"Mimi pia nilijaribu," Wavinya alisema. "Sikuufikia."

"Nyonga yangu imekwisha, Ngui. Mimi Jumamosi ningesimama kando ya barabara na bendera. Nilitaka nikutangaze pamoja naye, muwe wawili. Ni nani mwingine ningemwachia mtoto wangu barabarani?"

Mwalimu alitafuta mahali pa kukaa, na hapakuwa na kiti.

Wavinya alimfungua Ndolo pingu kwanza, kisha akazifunga kwenye mikono mingine. Ndolo alijisugua vifundo, akamwendea Mutunga, na mzee akamshika bega, akalishikilia. Simu ya Nduku ilikuwa imelia alfajiri kutoka hospitalini. Nzisa alikuwa ameamka, ameuliza kama gari linatengenezeka. Ndolo alisema linatengenezeka. Ataanza leo akifunguliwa kufuli.

Nje, gari la polisi lilikuwa dogo. Mwalimu Ngui aliingia nyuma akiwa ameinama, magoti yakamfika kifuani, na ilibidi askari afungue mlango tena mara mbili kabla miguu ile haijapata mahali.